Mkono Unaoshika Gurudumu

Gari dogo linapoanza kuzeeka, mara nyingi hulalamika kwanza kwa magurudumu ya mbele. Likipita juu ya tuta au likitumbukia shimoni, husikika mgongo mmoja mzito, kana kwamba mtu amepiga sakafu kwa nyundo kutoka chini. Dereva akikanyaga breki, usukani huvuta upande mmoja. Tairi nalo huanza kuliwa ukingo mmoja huku ukingo wa pili ungali mzima. Fundi huingia uvunguni, akatoka akiwa ameshika kipande cha mpira kilichochanika, naye mwenye gari hupelekwa dukani kununua spea. Spea hufungwa, gari hunyamaza, na safari huendelea.

Lakini hutokea mara nyingi kwamba, baada ya miezi michache tu, kelele ile ile hurudi. Mwenye gari humlaumu muuza spea. Muuza spea huilaumu barabara. Fundi huwalaumu wote wawili. Huenda kila mmoja ana sehemu ya haki, maana spea hafifu zipo na barabara mbovu zipo. Hata hivyo, iko sababu nyingine isiyotajwa sana, nayo haitokani na duka wala barabara. Inatokana na namna bolti zilivyokazwa. Ili kuielewa, hahitajiki mhandisi. Yatosha kukumbuka kanuni mbili ambazo kila mwanafunzi wa sekondari huzisoma, yaani kanuni ya wenzo na kanuni ya Hooke.

Kazi ya mkono

Magari ya zamani yalikuwa na ekseli moja ya chuma iliyounganisha magurudumu mawili ya mbele. Gurudumu la kushoto likipanda jiwe, ekseli yote iliinama, na gurudumu la kulia likainama pamoja nayo. Kuanzia miaka ya 1920 na 1930 wahandisi walijitahidi kuyatenganisha magurudumu hayo ili kila moja liweze kupanda na kushuka bila ya kulisumbua jingine. Mwaka 1933 kampuni ya Mercedes-Benz ilitoa gari la aina ya 380, ambalo kila gurudumu lake la mbele lilishikwa na mikono miwili, mmoja juu na mmoja chini, pamoja na springi ya kuzungushwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mhandisi Mmarekani Earle MacPherson alipata njia rahisi zaidi. Aliuondoa mkono wa juu, na mahali pake akaweka nguzo moja ndefu iliyounganisha springi na shokapu. Kichwa cha nguzo hiyo hushikwa na bodi ya gari karibu na boneti, na mguu wake hushikwa na mkono mmoja tu wa chini. Magari ya Ford Consul na Ford Zephyr, yaliyoonyeshwa London mwaka 1950, yalikuwa miongoni mwa ya kwanza kutumia mpango huo. Peugeot 404, iliyoshinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, ilikuwa na nguzo za namna hiyo mbele. Toyota Corolla nayo ilikuwa nazo tangu ilipotoka mwaka 1966. Leo magari mengi madogo yanayotoka Japani na kutumika katika barabara za Tanzania na Kenya yamejengwa hivyo.

Mkono huo wa chini, ambao mafundi wengine huuita ami na wengine wishiboni, ni kipande cha chuma chenye umbo linalokaribia herufi L au pembetatu. Ncha yake ya nje hushika gurudumu kwa kiungo cha gololi, yaani boljointi. Gololi hiyo hukaa ndani ya kikombe, nayo huliwezesha gurudumu kupanda, kushuka na kugeuka kwa wakati mmoja, kama vile mfupa wa paja unavyogeuka katika nyonga. Upande wa ndani, mkono hushikwa na bolti mbili, moja mbele na moja nyuma, na kila bolti hupita katikati ya bushi ya mpira.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hulikosea. Katika mpango wa MacPherson, mkono wa chini haubebi uzito wa gari. Uzito hupita katika nguzo, kutoka bodi hadi gurudumu. Kazi ya mkono ni kulizuia gurudumu lisiende mbele, nyuma, ndani wala nje, bali lifuate njia moja tu ya kupanda na kushuka. Nguzo ni mbebaji. Mkono ni mwongozaji.

Kani zisizoonekana

Kwa kuwa haubebi uzito, mtu angeweza kudhani kwamba mkono huo una kazi nyepesi. Hesabu fupi yaonyesha kinyume chake. Tuchukue mfano wa gari lenye tungamo la kilogramu 1,300 pamoja na abiria wake, nalo linapunguza mwendo kwa mita 6 kwa sekunde mraba. Kani ya kulizuia ni 1,300 × 6, yaani Nyutoni 7,800. Wakati wa kufunga breki, gari huinamia mbele, kwa hiyo tuseme asilimia 70 ya kani hiyo huangukia magurudumu ya mbele. Kila gurudumu la mbele basi husukumwa nyuma na barabara kwa kani ya Nyutoni 2,730.

Kani hiyo hugusa tairi chini kabisa, ardhini. Nguzo pamoja na gurudumu lililofungwa breki hufanya kazi kama wenzo mmoja. Egemeo lake liko juu, mahali nguzo inaposhikwa na bodi, tuseme sentimita 80 kutoka ardhini. Mkono wa chini umeushika wenzo huo katika boljointi, tuseme sentimita 20 kutoka ardhini, yaani sentimita 60 chini ya egemeo. Kwa kanuni ya momenti:

2,730 × 80 = kani ya mkono × 60

Kani ya mkono ni Nyutoni 3,640. Mkono umesukumwa kwa kani iliyo kubwa kuliko ile ya barabara yenyewe, kwa sababu uko karibu zaidi na egemeo.

Hesabu haijaisha. Kani hiyo inasukuma ncha ya nje ya mkono kuelekea nyuma, na mkono hutaka kuzunguka kama mlango. Kinachouzuia ni zile bushi mbili. Ikiwa urefu wa mkono kutoka boljointi hadi mstari wa bushi ni sentimita 35, na umbali kati ya bushi mbili ni sentimita 25, basi kila bushi, moja kuelekea ndani na nyingine kuelekea nje, hupata kani ya 3,640 × 35 ÷ 25, yaani karibu Nyutoni 5,100. Hiyo ni sawa na uzito wa mzigo wa kilogramu 510. Kipande cha mpira kinachoenea katika kiganja hubeba mzigo wa magunia matano ya kilogramu mia kila mara dereva anapofunga breki kwa nguvu, na hapo halijahesabiwa shimo hata moja. Ndiyo maana bushi iliyochanika huligeuza gari: mkono husogea, gurudumu hubadili mwelekeo, na gari huvuta upande ambao dereva hakuuchagua.

Mpira unaosokotwa

Bushi ya kawaida ni bomba dogo la chuma ndani ya bomba kubwa, na katikati yake kuna mpira ulioshikamana na mabomba yote mawili. Mpira huo umepikwa pamoja na salfa, njia ambayo Mmarekani Charles Goodyear alipewa hataza yake mwaka 1844. Bomba la nje hubanwa ndani ya mkono. Bomba la ndani hubanwa na bolti katika fremu ya gari. Mkono unapopanda na kushuka, hakuna kinachoteleza juu ya kingine. Mpira husokotwa, kisha hujirudisha.

Robert Hooke, mwanasayansi wa Uingereza, alitangaza mwaka 1678 kwamba kitu nyumbufu hurefuka kwa kadiri kinavyovutwa. Kanuni hiyo, kwa makadirio, hufaa pia kwa msokoto: pembe ikiwa mara mbili, mkazo ndani ya mpira huwa mara mbili. Mpira huishi muda mrefu ikiwa mahali pake pa kupumzika ni pale gari linaposimama katika kimo chake cha kawaida, kwa sababu kutoka hapo husokotwa kidogo kwenda juu na kidogo kwenda chini.

Sasa tufikirie fundi aliyeinua gari kwa jeki, gurudumu likining'inia, akafunga mkono mpya na kuzikaza bolti zote papo hapo. Wakati anakaza, mkono umeshuka. Tuseme ncha yake iko sentimita 8 chini ya mahali pake pa kawaida. Kwa mkono wa sentimita 35, hiyo ni pembe ya karibu digrii 13. Bomba la ndani sasa limebanwa katika hali hiyo. Gari linaposhushwa, mkono hupanda, na mpira husokotwa digrii 13 kabla ya gurudumu kuzunguka hata mara moja. Gari likilala usiku kucha uani, mpira hulala umesokotwa. Likipata shimo, msokoto wa shimo huongezwa juu ya ule wa kudumu. Mpira ulioundwa kudumu kwa miaka huchanika baada ya miezi. Muuza spea hakukosa, na barabara haikukosa. Bolti zilikazwa gari likiwa hewani.

Kabla ya kuingia uvunguni

Kazi ya kubadilisha mikono hii inaweza kufanyika nyumbani, lakini si kila nyumba wala kila gari. Sharti la kwanza ni sakafu ngumu iliyo sawa. Jeki huzama katika udongo laini na huinama katika mteremko. Sharti la pili ni kwamba jeki ni ya kuinulia tu, wala si ya kushikilia. Jeki ya mafuta husimama kwa sababu ya vizibo vya mpira vinavyozuia mafuta yasipite. Kizibo kimoja kikikata, gari hushuka. Kwa hiyo gari likishainuliwa, huwekwa juu ya stendi mbili za chuma, katika sehemu za bodi zilizotajwa na kitabu cha mtengenezaji. Matofali hayafai hata kidogo, kwa kuwa hubeba vizuri mzigo uliotulia lakini huweza kupasuka ghafla. Magurudumu ya nyuma hutiwa kabari na breki ya mkono huvutwa. Asiyekuwa na stendi asiingie chini ya gari.

Sharti la tatu ni kulijua gari lenyewe. Katika mpango wa MacPherson, springi imefungiwa ndani ya nguzo yake, na kuondoa mkono wa chini hakuiachii, mradi nati ya katikati juu ya nguzo haiguswi. Lakini katika magari yenye mikono miwili, springi mara nyingi hukalia mkono wa chini. Springi yenye ukakamavu wa Nyutoni 20,000 kwa mita, ikiwa imebanwa sentimita 15, huwa na nishati ya ½ × 20,000 × 0.15 × 0.15, yaani jouli 225. Hiyo ni nishati ya jiwe la kilogramu 5 lililoanguka kutoka kimo cha mita 4.5. Kuufungua mkono kama huo bila ya kifaa cha kuizuia springi ni kumwachia jiwe hilo mtu aliyelala uvunguni. Kazi hiyo ni ya gereji yenye vifaa vyake.

Kuufungua mkono wa zamani

Kabla ya kuinua gari, mfanyakazi mwangalifu huchukua futi na kupima umbali wima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, akaandika namba hiyo. Kipimo hicho ndicho kimo cha kawaida cha gari, nacho kitahitajika mwishoni. Nati za magurudumu hulegezwa tairi likiwa bado ardhini, ndipo gari huinuliwa. Inafaa pande zote mbili za mbele ziinuliwe pamoja, kwa sababu fito ya kuzuia gari lisilale upande huunganisha magurudumu mawili, na upande mmoja ukiinuka peke yake fito hiyo husokotwa na kuvuta mikono.

Bolti zilizoshika kutu hupakwa mafuta mepesi ya kupenya, ikiwezekana tangu jana yake. Kisha kiungo cha fito hutenganishwa na mkono, ikiwa kimefungwa hapo, na boljointi hufunguliwa. Katika baadhi ya magari boljointi imefungwa mkononi kwa bolti na nati, na kazi huwa rahisi. Katika mengine, pini yake yenye umbo la pia imebanwa katika tundu la umbo hilo hilo, na msuguano huishika hata baada ya nati kuondolewa. Kifaa cha kutenganishia huisukuma pini itoke; kuipiga nyundo juu ya nyuzi zake ni kuiharibu.

Boljointi ikiachia, kitovu cha gurudumu hubembea nje. Lazima kifungwe kwa waya au kamba, kisivute bomba la breki wala kuchomoa ekseli ya kuzungushia gurudumu. Mwishowe bolti za bushi hutolewa na mkono hushuka. Yafaa mkono mpya ulazwe kando ya ule wa zamani na kulinganishwa: urefu, matundu, na upande, kwani wa kushoto si wa kulia.

Kuufunga mkono mpya

Bolti zote huanzwa kwa vidole, ili nyuzi zisipandane. Boljointi hukazwa kabisa wakati huo huo, maana haina mpira wa kusokotwa. Bolti za bushi huingizwa mpaka ziguse tu, kisha huachwa. Kama mkono ni mgumu kuingia, bushi hulainishwa kwa maji ya sabuni, si kwa mafuta wala grisi, kwa sababu mafuta ya petroli huuvimbisha mpira wa asili na kuulegeza. Wale wanaonyamazisha bushi kwa kuipaka oili hununua ukimya wa wiki moja kwa gharama ya mpira wenyewe.

Magurudumu yakisharudishwa, majukwaa madhubuti ya chuma huwekwa chini ya tairi na gari hushushwa juu yake. Bodi husukumwa chini mara kadhaa ili springi zitulie, na kipimo cha mwanzo hurudiwa. Namba zikilingana, mpira uko mahali pake pa kupumzika. Hapo, na hapo tu, ndipo bolti za bushi hukazwa.

Ukazaji nao ni kipimo, si hasira. Kila bolti ina momenti yake katika kitabu cha mtengenezaji. Kwa mfano, nati za magurudumu ya magari mengi madogo ya Toyota hukazwa kwa Nyutoni-mita 103. Kwa spana ya sentimita 40, hiyo ni kusukuma kwa kani ya Nyutoni 258 hivi. Fundi akiongeza bomba mpaka urefu uwe mita 1 na kusukuma vile vile, momenti hufika 258, mara mbili na nusu ya inayotakiwa. Bolti haitalia, itarefuka kimyakimya na kungoja siku ya kukatika. Spana yenye kupima momenti ndiyo rafiki wa kazi hii.

Mwisho wa yote, gari hupelekwa kupimwa mwelekeo wa magurudumu. Gurudumu lililokosea digrii 1 tu huburutwa upande karibu mita 17 katika kila kilomita 1 linayokwenda. Tairi halina njia ya kulipa deni hilo ila kwa mpira wake.

Jaribio la darasani

Mwalimu aweza kuonyesha kani ya mkono bila ya gari. Achukue fito iliyonyooka yenye urefu wa sentimita 80 na kuining'iniza kwa msumari karibu na ncha ya juu, iweze kubembea. Mwanafunzi mmoja aivute ncha ya chini upande mmoja kwa mizani ya springi mpaka isome Nyutoni 3. Mwingine aizuie kwa mizani ya pili iliyofungwa sentimita 60 chini ya msumari, fito ikibaki wima. Mizani ya pili itasoma karibu Nyutoni 4. Msumari ni kichwa cha nguzo. Mvutaji ni barabara. Anayezuia ni mkono wa gurudumu. Kisha darasa lisogeze mizani ya pili hadi sentimita 40, na wanafunzi watabiri namba kabla ya kuisoma.

Fundi hodari ambaye hakupata kusoma fizikia aweza kuijua kazi hii kwa mazoea, na mwanafunzi aliyeshinda mtihani wa fizikia aweza kupita kando ya gari lililoinuliwa bila ya kutambua kwamba mtihani ule ule uko mbele yake. Maarifa yao yakikutana uvunguni, bushi itadumu, tairi litaliwa sawasawa, na breki itakapokanyagwa kwa ghafla mbele ya mtoto anayevuka barabara, gari litasimama likiwa limenyooka.